Safari ya Chandarua: Ugavi, Ueneaji na Lugha ya Kuhesabu

Utangulizi

Tassia ni mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyosongamana huko Embakasi, katika sehemu ya Nairobi iitwayo Eastlands. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake hudhoofisha ukuaji wa kimelea cha malaria ndani ya mbu. Kwa sababu hiyo, jiji huhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye hatari ndogo, na kampeni za kitaifa za kugawa vyandarua bila malipo hazilielekei. Mkazi wa Tassia anayekitaka chandarua hukinunua dukani. Hata hivyo, mkazi huyo huyo aghalabu husafiri mwezi wa Desemba kwenda Siaya, Busia au Kilifi, na watoto wake hulala kule ambako ugonjwa umeshamiri. Makala haya yananuia kueleza jinsi vyandarua vyenye dawa vinavyofuatiliwa, na kubainisha kwamba maneno yanayotumiwa kuuliza ni sehemu ya hesabu yenyewe.

Chimbuko la Hesabu

Kati ya 1993 na 1995, utafiti uliofanywa Kilifi ulidhihirisha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban thuluthi moja. Mwaka 2000 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kwamba kufikia 2005 angalau asilimia 60 ya watoto na wajawazito wangekuwa wamekingwa. Ahadi yenye tarakimu hudai kipimo, na hapo ndipo ufuatiliaji ulipopata uzito.

Nchini Kenya njia tatu zilifuatana. Kwanza, vyandarua viliuzwa madukani kwa bei ya kawaida. Pili, kuanzia mwisho wa 2004, viliuzwa kwa shilingi 50 katika kliniki za mama na mtoto. Tatu, mnamo 2006, takriban vyandarua milioni 3.4 viligawiwa bila malipo. Watafiti waliofuatilia watoto katika wilaya nne za mashambani, ikiwemo Kwale, walikuta kwamba matumizi yalipanda kutoka asilimia 7 mwishoni mwa 2004 hadi asilimia 67 mwishoni mwa 2006, huku pengo baina ya maskini na wenye uwezo likipungua sana. Tanzania nayo ilianzisha Hati Punguzo mwaka 2004, ambayo ilimpunguzia mjamzito bei dukani.

Ugavi: Kutoka Bandarini hadi Kitandani

Kipimo cha kwanza ni cha ugavi: ni vyandarua vingapi vimeingia, vimehifadhiwa ghalani na vimetolewa? Kanuni ya kimataifa ni chandarua kimoja kwa kila watu wawili. Hata hivyo, wakati wa kuagiza, idadi ya watu hugawanywa kwa 1.8 badala ya 2. Sababu ni kwamba familia nyingi zina idadi isiyogawika kwa mbili: familia ya watu watano huhitaji vyandarua vitatu, si viwili na nusu. Kwa hivyo kijiji cha watu 1,800 huagiziwa vyandarua 1,000.

Daftari la ghala, hata likiwa kamilifu, haliwezi kusema kilichotokea baada ya chandarua kufika nyumbani. Chandarua cha dawa ya kudumu hukadiriwa kuhimili miaka mitatu na mifuo 20. Baadhi huraruka mapema, vingine hupewa jamaa, na vingine huishia kuvulia samaki au kufunika miche.

Ueneaji: Maswali Matatu

Kutokana na upungufu huo, wachunguzi hubisha mlango kwa mlango na kuuliza maswali matatu tofauti. Swali la umiliki ni: je, nyumba ina angalau chandarua kimoja? Swali la utoshelevu ni: je, vinawatosha wote wakilala wawili wawili? Swali la matumizi ni: nani aliyelala ndani yake? Kuchanganya maswali haya ni kupotosha, kwani nyumba ya watu wanane yenye chandarua kimoja inamiliki lakini haijatoshelezwa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa malaria nchini Kenya, umiliki ulishuka kutoka asilimia 63 mwaka 2015 hadi 49 mwaka 2020. Uchunguzi huo wa pili ulifanywa kabla ya ugawaji wa 2021, wakati vyandarua vya 2017 na 2018 vilikuwa vimechakaa.

Lugha Ndani ya Hesabu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Anayeuliza "Ulilala wapi usiku wa jana?" anaweza basi kujibiwa kuhusu usiku mwingine. Fungu "usiku wa kuamkia leo" halina utata huo.

Neno "nyumbani" nalo ni mtego. Kwa wakazi wengi wa Eastlands, nyumba ni chumba cha kupanga, ilhali nyumbani ni kwa wazazi, mashambani. Akiulizwa "Mna chandarua nyumbani?", mkazi wa Tassia anaweza kukubali kwa dhati, na chandarua chenyewe kiko Busia. Fauka ya hayo, "kaya", ambalo Tanzania ni neno la kawaida la watu wanaokula na kuishi pamoja, katika pwani ya Kenya hukumbusha misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mtafsiri wa hojaji sharti ayapime haya kabla ya mchunguzi kubisha hodi.

Hitimisho

Suala hili si la nadharia tupu. Mnamo 2022 mbu aina ya Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa kaskazini mwa Kenya. Tofauti na jamaa zake wa mashambani, huyu humudu maisha ya mijini na hutaga mayai katika matangi na mapipa ya maji. Mitaa ambayo hutegemea maji ya kuhifadhiwa, Tassia ikiwemo, haiwezi kumpuuza. Iwapo siku moja mtaa huo utahitaji kuhesabiwa, idadi ya vyandarua vitakavyoagizwa itategemea majibu, na majibu yatategemea swali. Swali lililotungwa vibaya litamwacha mtoto bila kinga, ilhali daftari linaonyesha kwamba amekingwa.