Hindi Lijilindalo na Fukusi

Mkulima wa Temeke, ulimaye mahindi Chamazi au Toangoma, yafaa ujue kwamba fukusi haanzi kazi yake ghalani. Huruka kutoka katika nafaka ya zamani mpaka shambani, mahindi yangali yakikauka juu ya mabua, akataga mayai ndani ya punje. Hivyo mavuno yafikapo nyumbani, adui amekwisha kuingia pamoja nayo, na joto na unyevu wa pwani yetu humzalisha upesi.

Hata hivyo mmea haukuumbwa bila ngao. Ngao ya kwanza ni maganda. Hindi ambalo maganda yake yamebana na kuipita ncha ya gunzi, fukusi hapati mlango. Lililo wazi nchani huliwa kwanza. Ngao ya pili ni ugumu wa punje. Punje ngumu, ing'aayo, humtaabisha mdudu kuitoboa; punje ya unga laini, yenye kishimo kichwani, huliwa upesi. Funza wa bua naye hupingwa: mahindi machanga yana sumu ya asili majanini, ila hupungua kadiri mmea ukuavyo.

Basi wengi huchagua mbegu kwa kutazama ukubwa wa gunzi, tena likiisha kumenywa. Kwa njia hiyo huenda wakapanda kila mwaka mahindi makubwa yaliyo wazi nchani, na kumlisha fukusi kwa jasho lao. Chagua ukiwa shambani, maganda yangalipo. Pita katikati ya shamba, tia alama mimea yenye afya ambayo mahindi yake yamefunikwa vema. Kisha, ukimenya, weka yale yenye punje ngumu. Fanya hivi kwa mbegu za kienyeji, au mbegu kama Staha. Mbegu chotara hazirudii tabia za mama yao, hivyo usizihifadhi kwa kupanda.

Lakini usiyategemee maganda mbele ya dumuzi, ambaye wengine humwita Skania. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, akatambuliwa Tabora mwaka 1981, na tangu hapo ameenea nchini. Hutoboa maganda na gunzi pia. Zaidi ya hayo, punje zilizoshikamana na gunzi humpa mahali pa kujiegemeza atoboapo, basi mahindi yasiyopukuchuliwa huharibika zaidi. Ukimwona, usiyaache mahindi ya chakula darini na maganda yake kama walivyofanya wazee wetu. Yakaushe sana, yapukuchue, uyapepete, uyatie katika chombo kisichopitisha hewa.