QULLATAINI KATIKA TANGI LA DUARA: NAMNA YA KUPIMA MAJI YA TOHARA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Mkoa wa Singida uko katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania, na mvua zake hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Maji yanayokingwa kwenye paa la msikiti na kuhifadhiwa katika tangi ni mali ya kutunzwa. Sasa panya akikutwa amefia humo wakati wa kiangazi, imamu huulizwa: je, maji yamwagwe au watu watawadhe? Kujibu kwa kukisia kuna hatari pande mbili. Kumwaga maji yaliyo tohara ni israfu, na kutawadha kwa maji yenye najisi ni kuswali bila udhu.

Hukumu yake

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, maji hugawanywa mafungu mawili: machache na mengi. Mpaka kati yake ni qullataini, yaani qulla mbili, kwa mujibu wa Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Maji yasiyofika qullataini hunajisika kwa kuguswa tu na najisi isiyosamehewa, hata kama hayakubadilika. Yaliyofika hayanajisiki mpaka ibadilike rangi, ladha au harufu yake. Imam Malik yeye ameangalia mabadiliko tu, yawe maji machache au mengi.

Kipimo cha wanachuoni

Qullataini ni ratili 500 za Baghdad kwa kukadiria. Kwa chombo cha mraba, mafakihi wametaja dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Kwa chombo cha duara wametaja kipenyo cha dhiraa moja na kina cha dhiraa mbili na nusu.

Je, vyombo hivi viwili vinalingana vipi? Wanachuoni wamelieleza hilo kwa hesabu. Igawe kila dhiraa katika robo. Chombo cha mraba kitakuwa 5 × 5 × 5, sawa na 125. Katika chombo cha duara kipenyo ni robo 4. Mzingo wa duara ni kipenyo mara tatu na sehemu moja ya saba, kwa hiyo ni 12 na 4/7. Zidisha nusu ya mzingo (6 na 2/7) kwa nusu ya kipenyo (2), utapata eneo la 12 na 4/7. Zidisha kwa kina cha robo 10, utapata 125 na 5/7. Ziada ni ndogo sana.

Tukiichukulia dhiraa kuwa sentimita 48, chombo cha mraba kitakuwa na sentimita 60 kila upande, nacho huchukua lita 216. Wako waliokadiria dhiraa kwa urefu mwingine, na hapo idadi ya lita hubadilika. Hapa tutatumia 216.

Mifano

*Wa kwanza.* Tangi la msikiti lina kipenyo cha sentimita 140, na maji yana kina cha sentimita 14. Mzingo ni 140 × 22/7 = 440. Nusu yake ni 220, na nusu ya kipenyo ni 70. Eneo ni 220 × 70 = 15,400. Mjazo ni 15,400 × 14 = 215,600, yaani lita 215.6. Pungufu ni lita 0.4. Kauli sahihi katika madhehebu ni kuwa qullataini ni kadirio, na upungufu wa ratili mbili haudhuru. Ratili mbili hapa ni kama lita 0.86. Basi maji haya ni mengi.

*Wa pili.* Pipa haliwezi kupimwa kipenyo kwa urahisi, lakini kamba iliyozungushwa imetoa mzingo wa sentimita 176. Gawa kwa 22/7, utapata kipenyo cha 56. Eneo ni 88 × 28 = 2,464. Likijaa kwa kina cha sentimita 85, lina lita 209.4. Pipa hili, hata likijaa pomoni, ni maji machache.

*Wa tatu.* Katika tangi la kwanza maji yamebaki sentimita 10, yaani lita 154, na panya amefia humo. Maji yamenajisika, lakini si lazima yamwagwe. Mtoe panya, kisha ongeza lita 62. Ndoo nne za lita 20 zinatosha. Yakifika qullataini bila mabadiliko yoyote, yanakuwa tohara na yanatoharisha.

Kosa la kuepukwa

Wengi huchukua kipenyo kizima mahali pa nusu yake. Kosa hili huzidisha jibu mara nne: lita 154 zitaonekana 616, na jamaa nzima itatawadha kwa maji yenye najisi. Pia pima kina cha maji yenyewe, si urefu wa tangi.

Elimu ya waliotutangulia

Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya tatu Hijria, alitaja katika kitabu chake cha aljebra kanuni hii ya nusu mzingo kwa nusu kipenyo, pamoja na uwiano wa tatu na sehemu ya saba. Mwaka 827 Hijria (1424), al-Kashi wa Samarkand aliukokotoa uwiano wa mzingo hadi tarakimu 16 za desimali. Kwa tangi la msikiti 22/7 inatosha: katika lita 216 tofauti yake haifiki hata lita 0.1, nayo imo ndani ya ratili mbili zilizosamehewa.

Basi enyi walimu wa madrasa, wafundisheni vijana mlango wa maji wakiwa na futi ya kupimia na kamba mkononi. Hesabu wanayosoma shuleni ni chombo cha kuhifadhia swala zao.

Wallahu a'lam.