Maji Taka Yanapotoa Habari za Polio

Leo tunazungumza juu ya polio, ugonjwa unaopooza watoto, na jinsi unavyotafutwa ndani ya maji taka.

Pengine wajiuliza, maji ya chooni yana habari gani? Virusi vya polio huingia kwa kinywa na kuzaana matumboni. Mtoto aliyeambukizwa huvitoa kwa kinyesi kwa wiki kadhaa, hata kama anacheza vizuri. Kati ya watu 200 walioambukizwa, karibu 1 tu ndiye hupooza. Ukingoja kuona mtoto aliyepooza, wengi wameshaambukizwa.

Kwa sababu hiyo, katika miji mikubwa wahudumu wa afya huchota maji taka mitaroni na kuyapeleka katika maabara ya KEMRI, Nairobi. Mwezi wa Machi 2018, maji yaliyochotwa Eastleigh, Nairobi, yalipatikana na virusi vya polio. Hapa Kenya hakuna mtoto aliyekuwa amepatikana amepooza kwa virusi hivyo. Hata hivyo serikali haikungoja. Mwaka huo huo watoto walichanjwa Nairobi na katika kaunti nyingine.

Virusi hivyo vilitokana na virusi dhaifu vya chanjo ya matone. Vikizunguka kwa muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, hubadilika na kupata nguvu ya kupooza. Kwa hivyo dawa ni kuchanja watoto wote, si kuacha chanjo.

Na sisi je? Mabasi na treni kutoka Nairobi hupita Voi kila siku, na virusi husafiri na watu. Lakini vijijini kwetu wengi tunatumia vyoo vya shimo. Hakuna mtaro mmoja wa kuchota maji ya kijiji kizima. Kwa hivyo jicho la mama ndilo mlinzi wa kwanza. Mama, kumbuka haya:

1. Mtoto apewe matone ya polio anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wiki ya 14 apate pia sindano ya polio. Angalia kijitabu chake cha kliniki leo.

2. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, usianze kwa kumkanda nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, au umwite mhudumu wa afya wa kijiji. Kinyesi chake kitachukuliwa mara 2, na ni lazima iwe ndani ya siku 14, kabla virusi havijapungua.

3. Tupa kinyesi cha mtoto chooni, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Polio haina tiba, lakini ina kinga.