Lubumbashi: Tangazo la mtihani lapotea kati ya soga na matanga

Kwa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi, saa ya mtihani haisomwi tena ukutani peke yake. Inapita kwenye kundi la WhatsApp la promosheni. Lakini humohumo hupita salamu za asubuhi, michango ya matanga, video na utani wa mashabiki wa TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo. Anayewasha simu jioni, baada ya umeme wa SNEL kurudi, anakuta jumbe mamia, na tangazo limefichwa katikati.

Mwezi Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya Covid-19, simu ndiyo iliyobaki kuwaunganisha wengi na wenzao wa darasa. Vyuo vilifunguliwa, makundi yakabaki.

Mzigo wake haulingani. Mwenye Wi-Fi nyumbani husikia kelele tu. Anayenunua mega za siku kule Katuba, Kenya au Ruashi hulipia hata picha asiyoitaka, kama hajazuia simu kuipakua yenyewe. Akitoka kwenye kundi, anakosa pia silabi na matangazo.

Dawa ipo. Tangu 2018, WhatsApp inaweza kuwaachia wasimamizi peke yao kuandika. Tangu Novemba 2022 kuna pia «jumuiya», inayounganisha makundi kadhaa chini ya ukurasa mmoja wa matangazo. Promosheni inaweza basi kuwa na kundi la matangazo na silabi, na lingine la maongezi.

Hata hivyo, kulifunga kundi kuna hasara yake. CP, yaani mkuu wa promosheni, akikosea saa au ukumbi, hakuna wa kumsahihisha mbele ya wote. Mwenye swali la kozi naye humwandikia pembeni, na jibu ambalo lingewafaa wengi linabaki kwa mmoja. Kwa hiyo kundi la tatu, la maswali ya kozi tu, lina faida.

Wala soga si adui. Wanaochangia matanga ya mzazi wa mwenzao ndio haohao wanaomkopesha madaftari anaporudi darasani. Ila mwanafunzi huyo, akiwa bado kwenye msiba na mega chache, anahitaji kwanza kuona kwamba mtihani umesogezwa hadi kesho asubuhi.