Mkia wa Mjusi na Istilahi ya "Damu Baridi"

Mwalimu wa sayansi aliyeko Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, hana haja ya kwenda mbali kutafuta vielelezo vya mijusi: wako ukutani na juu ya mawe. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kupotea kwa mkia kunavyoathiri mwendo na halijoto ya mnyama huyu, na kuonyesha kwamba istilahi mbili zilizozoeleka huyapotosha maelezo hayo.

Kwanza ni kitenzi. Husemwa kwamba mjusi "amekatwa mkia". Lakini mijusi wengi, akiwemo mjusi kafiri, huuachia mkia wenyewe: misuli hukaza, na pingili huvunjika mahali palipo dhaifu tangu asili. Mkia uotao baadaye huwa na gegedu badala ya mifupa. Hivyo basi, "kujikata mkia" ndiyo istilahi inayofaa, kwani mtendaji ni mjusi mwenyewe.

Pili ni "damu baridi". Mjusi anayeota jua juu ya jiwe la itale aweza kuwa na damu yenye joto kama letu. Tofauti ni kwamba joto hilo hulipata nje ya mwili, na hulirekebisha kwa miguu yake: hutoka juani apatapo baridi, huingia kivulini azidiwapo na joto.

Hapo ndipo mkia unapohusika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mjusi wa jamii ya agama, wale wenye vichwa vyekundu, huinua mkia anaporuka ili asipinduke. Akiukosa, mizani ya mwili hupotea. Katika mbio, baadhi ya mijusi waliojikata mkia hupungua kasi. Wengine, kwa kupunguza uzito, huongeza. Aidha, asiye na mkia hana tena cha kumwachia adui, na baadhi yao hukaa karibu na maficho. Maficho yakiwa kivulini, muda wa kuota jua hupungua. Jua likimfikia mafichoni, halijoto yake yaweza kubaki ile ile.

Mwanafunzi aliyekariri "damu baridi" hataweza kuufuata mnyororo huu, maana neno lenyewe limekwisha kumwambia kwamba joto halimhusu mjusi. Kwa hiyo tunawapendekezea wafasiri na walimu waseme "mnyama ategemeaye joto la nje". Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.