Chakula Kutoka Mashamba Yaliyowahi Kupatwa na Mionzi

Mlaji wa Mbagala au Tegeta anaponunua maziwa ya unga au samaki wa kopo kutoka ng'ambo, ana haki ya kujua bidhaa hiyo imetoka wapi na kama imepimwa.

Ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zilimwaga seziamu-137 mashambani. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, nayo hunata zaidi katika udongo wa juu. Ndiyo maana huko Fukushima udongo huo ulikwanguliwa na kuondolewa; penginepo ardhi ililimwa kwa kina ili uzikwe chini. Mbolea ya potasiamu huongezwa pia, kwa kuwa mmea uliopata potasiamu ya kutosha hufyonza seziamu kidogo.

Hata hivyo, kusafishwa kwa shamba pekee si uthibitisho. Uthibitisho ni kipimo. Tangu Aprili 2012, Japani imeweka kikomo cha bekereli 100, yaani kizio cha kupimia mionzi, kwa kila kilo ya chakula cha kawaida. Hapa nchini, jukumu la kupima mionzi katika vyakula ni la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Tunawakumbusha kwamba mionzi haina rangi, harufu wala ladha, na kupika hakuiharibu. Epukeni bidhaa za magendo na zisizoonyesha nchi zilikotoka, hata zikiwa za bei nafuu, kwani huenda zimekwepa kipimo. Chakula kilichopimwa na kupitishwa kinaweza kuliwa bila hofu, hata kama ardhi yake iliwahi kuchafuliwa.