Carl Bloch: Mchoraji wa Mashujaa Waliofungwa

Carl Heinrich Bloch (1834–1890) alikuwa mchoraji wa Denmark aliyejipatia jina kwa picha za historia, za visasili vya Kigiriki na za Biblia. Wengi wa zama zake nchini kwao walimhesabu kuwa mchoraji wa kwanza wa taifa. Kizazi kimoja tu baada ya kufa kwake, wajuzi wa sanaa walikuwa wamempa kisogo. Leo picha zake za maisha ya Yesu zimeenea mabara yote, katika vitabu, kalenda na kuta za makanisa, na aghalabu wanaozitazama hawalijui jina la aliyezichora.

Kazi aliyoichagua, yaani picha ya historia, ilikuwa na cheo cha pekee. Vyuo vya sanaa vya Ulaya vilizipanga picha kwa madaraja tangu karne ya 17. Juu kabisa zilikaa picha za matukio makubwa: vita, wafalme, miungu ya kale na habari za Biblia. Chini yake zilifuata picha za sura za watu, za maisha ya kila siku, za mandhari, na mwisho za maua, matunda na vyombo. Sababu ilikuwa kwamba picha ya historia ilidai ujuzi wote kwa pamoja. Mchoraji alipaswa kuujua mwili wa binadamu, mavazi na majengo ya kale, mwanga na umbali, na juu ya hayo awe na kipaji cha kusimulia kisa kirefu kwa tendo moja lililoganda.

Nchini Denmark utaratibu huo ulilindwa na Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1754 jijini Copenhagen. Mafunzo yalipita kwa mwalimu na mwanafunzi kama ukoo. C. W. Eckersberg, aliyesoma Paris kwa Jacques-Louis David, alimfundisha Wilhelm Marstrand, naye Marstrand akawa mwalimu wa Bloch.

Bloch alizaliwa Copenhagen tarehe 23 Mei 1834, mtoto wa mfanyabiashara. Wazazi wake walitamani awe ofisa wa jeshi la majini, lakini kijana huyo hakupenda ila kuchora, na mwaka 1849 akaingia Chuo cha Sanaa. Alianza kuonyesha kazi zake hadharani mwaka 1854, katika maonyesho ya kila mwaka ya kasri la Charlottenborg. Picha zake za mwanzo zilihusu wavuvi na watu wa mashambani, mambo yaliyopendwa wakati huo na wasanii waliotaka Denmark ijitazame yenyewe katika sanaa.

Mwaka 1859 alisafiri kwenda Italia, akipitia Uholanzi. Huko Uholanzi alizitazama kwa makini kazi za Rembrandt, na athari yake haikumtoka tena: mwanga unaoangukia uso mmoja huku sehemu kubwa ya chumba ikiachwa gizani, na wazee waliochorwa na makunyanzi yao yote. Kisha akakaa Roma kwa miaka kadhaa, akichora vinyozi wa barabarani, watawa na watu wa mitaani kwa jicho la ucheshi. Picha mashuhuri ya kundi hilo ni ile ya mkahawa wa Kirumi ya mwaka 1866, aliyoagizwa na mfanyabiashara Moritz G. Melchior. Vijana watatu walioketi mezani wamegeuka kumtazama anayeingia. Wasichana wawili wanatabasamu, lakini mwanamume aliye nao amekunja uso kwa wivu, na paka aliye karibu nao ana macho makali vilevile. Mtazamaji anajikuta ndiye mgeni aliyewakatiza chakula.

Hata hivyo, ilikuwa Roma hiyohiyo ambako Bloch aliipata mada iliyoandamana naye hadi mwisho: mtu mwenye nguvu aliyenyang'anywa nguvu zake. Mwaka 1863 alimchora Samsoni baada ya Wafilisti kumkamata na kumpofua. Shujaa huyo anasukuma kinu kama mnyama, huku walio juu yake wakimdhihaki. Bloch hakuonyesha tendo lolote la ushujaa wake, wala ukumbi ulioangushwa. Alichagua saa ya fedheha, pale mwili bado una misuli lakini hauna uhuru.

Mwaka uliofuata alikamilisha picha ya Prometheus. Katika kisasili cha Kigiriki, Prometheus aliiba moto wa miungu akawapa wanadamu, na kwa adhabu akafungwa kwenye mwamba ambako tai alikuja kumla ini. Bloch alichora wakati wa kufunguliwa, Hercules alipomuua tai na kumkomboa mfungwa. Picha hiyo kubwa iliagizwa na Mfalme George wa Kwanza wa Ugiriki, ambaye alikuwa mwanamfalme wa Denmark aliyepewa kiti cha enzi cha Ugiriki mwaka 1863.

Ilipoonyeshwa Copenhagen mwaka 1865, picha hiyo iliwapata watu katika majonzi. Mwaka mmoja kabla, Denmark ilikuwa imeshindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig, Holstein na Lauenburg. Prussia na Austria zote mbili zilitumia tai katika nembo zao. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa: jitu lililojeruhiwa lakini halijafa walilisoma kuwa ni nchi yao wenyewe, na tai aliyeanguka wakamfahamu. Bloch alirudi nyumbani akiwa mchoraji wa taifa. Picha yenyewe ilipelekwa Ugiriki, ikatoweka machoni pa watu kwa miaka mingi, kisha ikaja kupatikana katika mali za iliyokuwa familia ya kifalme ya huko.

Sifa hizo zilimletea kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Desemba 1859, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kasri la Frederiksborg, lililojengwa mjini Hillerød na Mfalme Christian wa Nne mwanzoni mwa karne ya 17. Ujenzi mpya ulipoanza, J. C. Jacobsen, tajiri mwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg, alijitolea kugharamia ukarabati wa chumba cha sala cha mfalme. Mwaka 1865 Bloch alipewa jukumu la kukijaza chumba hicho picha 23 za maisha ya Yesu. Kazi hiyo ilimchukua hadi mwaka 1879, akiifanya sambamba na nyingine nyingi. Wakati huohuo, mwaka 1878, kwa msaada wa Jacobsen huyohuyo, kasri liligeuzwa kuwa makumbusho ya historia ya taifa.

Picha za Frederiksborg ni ndogo kwa kipimo, kwa kuwa zilikusudiwa mtu anayesali akiwa karibu nazo. Mfululizo unaanza na malaika kumpasha Mariamu habari, unapita harusi ya Kana, mwanamke Msamaria kisimani, kufufuliwa kwa Lazaro na usiku wa Gethsemane, hadi mateso na ufufuo. Ufundi wa Bloch unaonekana katika mambo madogo anayoyaweka kando ya tukio kuu. Katika Mahubiri ya Mlimani, watu wazima wamezama katika kusikiliza, ila mtoto mmoja anamnyemelea kipepeo aliyetua juu ya kitambaa cha kichwani cha mwanamke. Katika Karamu ya Mwisho, Yuda yuko mlangoni, anaondoka. Na Petro anapomkana bwana wake, uzito wote wa picha uko katika jicho la Yesu linalomgeukia.

Akiwa bado katikati ya mfululizo huo, mwaka 1871 Bloch alitoa picha ambayo Wadenmark wengi huihesabu kuwa kilele cha picha zake za historia ya nchi: Mfalme Christian wa Pili gerezani katika kasri la Sønderborg. Christian huyo alitawala Denmark na Norway kuanzia mwaka 1513. Mwaka 1520 aliitwaa Sweden pia, na muda mfupi baada ya kutawazwa Stockholm akaamuru makabaila na viongozi wa dini wauawe kwa makumi. Mwaka 1523 alipinduliwa, akakimbilia Uholanzi. Alipojaribu kurudi, aliahidiwa usalama ili aje kufanya mazungumzo, lakini mwaka 1532 akakamatwa. Alifungwa Sønderborg hadi mwaka 1549, kisha Kalundborg, alikofariki mwaka 1559.

Masimulizi ya watu yalisema kwamba mfalme huyo, kwa upweke, alikuwa akiizunguka meza moja siku nenda siku rudi, kidole gumba chake kikikwaruza ukingo wake mpaka mbao ikafanya mfereji. Wanahistoria wanaona kwamba kifungo chenyewe hakikuwa kikali kama ngano inavyodai. Bloch aliifuata ngano, kwa sababu ilimpa alichokitaka. Mzee mwenye ndevu nyeupe amesimama kando ya meza, mkono juu yake, na dhambi, taji na miaka yote iliyopotea vimebaki kuwa mwendo wa kidole kwenye mbao. Watazamaji wa mwaka 1871 walikuwa na sababu nyingine ya kuguswa. Sønderborg ilikuwa katika ardhi iliyotekwa mwaka 1864, na ilirudi Denmark baada ya kura ya maoni ya mwaka 1920.

Picha nyingine za historia zilifuata. Mwaka 1880 alimchora Niels Kaas, mkuu wa serikali, akiwa kitandani karibu na kufa, akimkabidhi funguo Christian wa Nne aliyekuwa bado kijana. Kwa ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alimchora mwanamageuzi Hans Tausen akimkinga askofu Mkatoliki Rønnow na ghadhabu ya umati. Pia alichora picha za madhabahu kwa makanisa ya Denmark na kusini mwa Sweden, nyingi zikimwonyesha Yesu akiwafariji walioelemewa. Ile ya wagonjwa katika birika la Bethesda, ya mwaka 1883, inamwonyesha Yesu akifunua kitambaa kinachomkinga mtu aliyepooza kwa miaka 38. Mgonjwa huyo ni mfungwa wa mwili wake mwenyewe. Kwa picha hiyo, mada ya Samsoni na Prometheus ilihamia kwa mtu asiye na jina wala ushujaa.

Mwaka 1868 Bloch alimwoa Alma Trepka, wakapata watoto wanane. Mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen alikuwa miongoni mwa rafiki zake. Alma alifariki mwanzoni mwa mwaka 1886, na msiba huo ulimlemea mno. Katika miaka yake ya mwisho Bloch alizama katika michoro ya kuchapwa, ambayo huchorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha asidi hula mistari iliyoachwa wazi na bamba likawa tayari kutiwa wino. Aliacha michoro zaidi ya 70 ya aina hiyo. Alifariki kwa saratani tarehe 22 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 55.

Jina lake lilififia haraka kwa kuwa ladha ilibadilika. Tangu miaka ya 1870, mhakiki Georg Brandes alikuwa akiwahimiza wasanii wa nchi za kaskazini kushughulikia maisha ya sasa. Wachoraji wa Skagen walikuwa ufukweni wakichora mwanga wa kweli na wavuvi halisi. Kwa kizazi hicho, wafalme na mashujaa wa Bloch walinuka jukwaa la maigizo. Madaraja ya zamani yaliporomoka, na picha ya historia ikaporomoka nayo.

Picha za Biblia zilinusurika kwa njia nyingine, yaani kuchapishwa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho nchini Marekani lilizitumia kwa wingi katika machapisho yake katika karne ya 20, na kwa njia hiyo zikawafikia mamilioni ya watu. Mwaka 2001 picha ya Bethesda ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah. Mwaka 2010 makumbusho hayo yalifungua maonyesho makubwa ya kazi za Bloch, kukiwamo picha za madhabahu zilizoazimwa kutoka makanisa ya Denmark na Sweden. Nchini Denmark nako wataalamu wamemrudia, wakizipima upya kazi zake bila kejeli ya kizazi kilichomfuata. Samsoni, mkahawa wa Kirumi na Christian wa Pili vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa jijini Copenhagen, na picha 23 za maisha ya Yesu zingali katika chumba cha sala cha Frederiksborg, kilicho wazi kwa wageni wa makumbusho.